Pumzi Tatu za Kijani

Kwa miaka kumi na mmoja Loice Chepkosgei aliwauzia wanaume wa Litein sigara moja moja, katika kibanda cha mbao ambacho kampuni ya sigara ilimpakia rangi bure. Kwa miaka miwili sasa anawasihi wanaume walewale waache. Ukitaka kujua kama mbinguni kuna mtu anayependa kucheka, mtazame mama huyo akikata soko na jaketi lake la bluu la wahudumu wa afya ya jamii, akiwasalimia wateja wake wa zamani kwa majina aliyowapa mwenyewe. Majina yao halisi hakuwahi kuyauliza. Yule ni Nusu, kwa sababu alikuwa akinunua moja na kuikata kwa wembe. Yule ni Baada ya Bibi, kwa sababu alikuja mbio kila mke wake alipomaliza kusema. Na yule mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akiburuta mguu wa kushoto, aliitwa Saa Kumi na Mbili. Hakuna jogoo wala kengele ya kanisa iliyowahi kumtangulia kwenye dirisha la Loice.

Dirisha hilo lilikuwa na wavu wa waya, na kwenye wavu kulining'inia kiberiti cha gesi kwa uzi wa manila. Mteja alinunua, akainama, akanyoosha shingo kama ndama anayenyonya, akawasha, akapuliza moshi wa kwanza palepale dirishani. Ndani ya dirisha alikuwa ameketi Loice, na kando ya Loice alikuwa ameketi mumewe Bethwel, ambaye hakuwahi kuvuta sigara hata moja maishani. Bethwel alikufa kwa kifua. Daktari alipouliza kama marehemu alikuwa mvutaji, Loice alijibu hapana. Kisha akarudi nyumbani, akakaa juu ya kreti ya soda, akahesabu ni shingo ngapi zilizowahi kunyooshwa kwenye ule uzi. Alipochoka kuhesabu alichukua kisu akakikata kiberiti. Uzi wenyewe aliuacha. Mpaka leo unaning'inia, na wazee wengine bado huukamata kwa mazoea.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na stoo ya mbao, kitanda na nusu kwa upana, mahali Bethwel alipozoea kujilaza mchana. Baada ya mazishi Loice aliingiza humo kreti tupu za soda na baiskeli ya marehemu isiyokuwa na gurudumu la mbele, akatia kufuli, akaenda kuomba kazi ya kujitolea ya afya. Waliomfanyia usaili walimuuliza ana uzoefu gani na wavutaji. Akasema, "Mkubwa sana." Hawakuuliza zaidi.

Saa Kumi na Mbili jina lake halisi ni Kepher Ajwang. Alikuja nchi hii ya chai kutoka upande wa ziwa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akachuma majani kwenye shamba moja kubwa kwa miaka thelathini na minne. Mke wake alizikwa Kepher akiwa bado anakaa kwenye laini, zile nyumba za kampuni zilizopangwa kama meno. Kisha kampuni ikaleta mashine ya kuchuma chai. Mashine haiugui, haizai, haiendi matanga, na haihitaji nyumba. Kepher alipewa barua ya kumshukuru na wiki mbili za kuhama. Angerudi kwao, lakini kwao alikuwa amebaki ndugu mmoja, na ndugu huyo alikuwa amebaki na shamba lote. Kepher akahamia Litein, kwenye baraza la kituo cha kupimia majani ya chai kilichofungwa zamani, akawa mpangaji wa simiti pamoja na wanaume wengine wanne. Mkubwa wao kwa mdomo alikuwa Calvince, fundi wa magari aliyekunywa karakana yake, spana moja baada ya nyingine.

Mwezi wa Mei vidole viwili vya mguu wa kushoto wa Kepher viligeuka vyeusi. Loice ndiye aliyempeleka Kericho. Daktari alieleza vizuri, hata kwa mchoro. Moshi wa sigara ulikuwa umeziba mishipa, na damu haikufika mwisho wa mguu. Akatoa masharti matatu: asivute hata pafu moja, mguu ukae na joto, mguu ukae mkavu. Akifuata, angeweza kubaki nao. Asipofuata, ungekatwa. Daktari hakumuuliza analala wapi. Fomu ilikuwa na nafasi ya anwani na Kepher alikuwa ameandika Litein, kwa hiyo kila mtu aliridhika.

Njia ya Loice ya kumwachisha haikutoka kwenye semina yoyote. Aliitoa kwenye biashara. Mtu aliyekuuzia sigara kwa miaka anaijua kiu yako kuliko mkeo. Alijua Kepher hununua saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, na ya mwisho magharibi. Akamwambia, "Mzee, saa zako usizibadilishe. Kuja tu dirishani kama zamani. Ila badala ya fegi utapata mimi."

"Wewe siwezi kukuwasha, Mama Fancy," Kepher akasema. Fancy ni binti wa Loice, ameolewa Bomet.

"Jaribu uone."

Basi akawa anakuja. Saa kumi na mbili anasimama dirishani, mkono wenyewe unaukamata ule uzi mtupu. Loice anampa kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, na mahindi ya kukaanga ndani ya gazeti, anamwuliza habari za wenzake, anamtukana kidogo, anamsimulia nani kaachwa na nani. Dakika saba, wakati mwingine kumi. Kiu inapanda, inafika shingoni, inashuka. Anaenda. Saa nne anarudi. Siku ya tano alilia waziwazi, mzee wa miaka sitini na moja, na makamasi yakaingia kwenye mahindi. Siku ya tisa alicheka kitu alichosema Loice, na siku ya kumi akachelewa dakika ishirini kwa sababu alikuwa amelala. Loice alimwona akikimbia kwa ule mguu wake akaelewa kuwa jambo linaenda.

Ndipo mradi ukaja. Uliitwa Pumua Upya, ulikuwa na ofisi Nairobi na fulana za kijani, na ulitaka kuwasaidia watu wasio na makao waache sigara. Mtu wake wa huku alikuwa Gibson, kijana mwenye shahada moja na nusu, mpole, mwenye viatu safi kuliko vyote vilivyowahi kukanyaga matope ya Litein. Kanisa la Mlango wa Neema liliwapa ukumbi kila Ijumaa asubuhi. Kanuni ilikuwa rahisi. Kuna kimashine kidogo chenye bomba la karatasi. Unapuliza, kinaonyesha ni kiasi gani cha hewa ya moshi kiko ndani ya damu yako. Kijani maana yake hujavuta. Nyekundu maana yake umevuta. Mtu akipata kijani Ijumaa tatu mfululizo kabla ya mwisho wa Agosti, mradi unamlipia chumba kwa mwaka mzima. Chumba cha mawe, chenye mlango na kitanda.

Kepher aliposikia neno chumba, aliutazama mguu wake kwanza.

Ijumaa ya kwanza walikuja wanaume kumi na wanne, wengi kwa ajili ya mkate. Gibson aliwapanga akawaelekeza. "Mnavuta pumzi ndani kabisa, mnaishikilia sekunde kumi na tano, halafu mnaiachilia polepole."

"Kijana," Calvince akasema, "hiyo kazi tumeifanya maisha yetu yote."

Calvince alipuliza kikaandika thelathini na moja, na taa nyekundu. Akainua mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao. "Hiyo ni ngapi kwa mia?"

Kepher alifika mbele akiwa amevua kofia. Siku kumi na mbili bila pafu moja. Alipuliza kwa makini, macho yamefumbwa. Kumi na nane. Nyekundu.

Gibson alishusha sauti, kama walivyofundishwa. "Mzee, sisi hapa hatumuadhibu mtu. Sema tu ukweli."

"Nimesema."

"Mashine haidanganyi, mzee."

Calvince alicheka mpaka akakohoa. "Omera, ndugu yangu, kumbe unavutia chini ya blanketi! Na sisi unatunyima!"

Loice alimshika Kepher mkono akamtoa nje, akavinusa vidole vyake pale pale kwenye ngazi za kanisa, mbele ya akina mama wa maombi. Vilinuka moshi. Basi akamwambia maneno ambayo si ya kuandika. Alimwambia ameacha kazi zake za nyumbani kukaa dirishani na mwongo. Alimwambia mguu ni wake, akauzike mwenyewe. Kepher alivaa kofia. Akashuka ngazi moja moja.

Kesho yake saa kumi na mbili hakuna mtu aliyekuja dirishani. Loice alisubiri mpaka strungi ikapoa. Jumapili hakuja pia. Jumatatu, jua likiwa halijachomoza vizuri na ukungu bado umelalia michai, alivaa gambuti akaenda mwenyewe kwenye kile kituo cha majani, ameandaa hotuba ya pili.

Alichokikuta ni hema la karatasi ya nailoni lililofungwa kwenye nguzo za baraza, na ndani ya hema wanaume watano waliolala kama kuni, vichwa vyote vikiwa vimeelekea karai moja la makaa. Julai katika nchi ya chai si mwezi wa mchezo; baridi yake inaingia kwenye simiti na inakaa. Walikuwa wakichoma mashina ya michai iliyopogolewa, maana hayo yanaokotwa bure, na juu yake makombo ya makaa kutoka hotelini. Loice alifunua nailoni akaingiza kichwa, na kabla hajasema neno macho yalijaa machozi na koo likafunga. Alirudi nyuma akiwa anapiga chafya. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga.

Hotuba ikaishia hapo. Alikaa kwenye ukingo wa baraza mpaka Kepher akaamka.

"Umekula?" akamwuliza. Huko ndiko kuomba msamaha kwake; hana kwingine.

"Bado."

"Strungi ilipoa juzi."

"Nitakunywa ya leo," Kepher akasema.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu Gibson. "Ni moto. Wanalala na karai la makaa, wamejifunika nailoni. Hewa ile ile ya sigara iko kwenye makaa. Hicho kidude chako kinapima kuni."

"Mama, mashine haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nimesema haijui tofauti."

Gibson, na lazima tuwe wa haki, alilifikiria. Kisha akasema fomu haina kisanduku cha moto. Kulikuwa na kisanduku cha kijani, cha nyekundu, na cha aliyekataa kupuliza. Aliahidi kuandikia Nairobi. Nairobi ilijibu baada ya siku kumi na moja, ikamshukuru kwa maoni yake yenye thamani kubwa.

"Ushauri wangu," Gibson akamwambia Kepher Ijumaa iliyofuata, baada ya nyekundu nyingine, "kaa mbali na moto, mzee. Wiki tatu tu. Ukipata chumba utapata joto lote unalotaka."

Kwa hiyo mwezi wa Agosti Kepher alihamia upande wa pili wa baraza, ule unaopigwa na mvua. Daktari alisema joto na ukavu, mashine ikasema mbali na moto, na chumba kilikuwa upande wa mashine. Alijifunika magunia matatu ya majani chai. Calvince alimfuata na gunia la nne.

"Shika, mjinga wewe," akamwambia. "Ukipata hiyo nyumba mimi nalala mlangoni."

"Utalala ndani."

"Na harufu yako? Zii, sitaki."

Ijumaa ya kwanza ya Agosti Kepher alipuliza sita. Kijani. Gibson alimpa mkono. Ijumaa iliyofuata alipuliza tano, kijani tena, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi hata hakuweza kushika bomba; Loice alimshikia. Kikohozi kilikuwa kimeanza. Alipomvua soksi nyuma ya ukumbi aliona kidole cha tatu kimegeuka rangi, na kati ya vidole kulikuwa na maji maji yenye harufu.

"Kinauma?"

"Zamani kiliuma. Sasa hapana."

Hilo lilimtisha Loice kuliko kama angepiga kelele.

Jioni hiyo alisimama nyuma ya kibanda chake akiwa na ufunguo wa stoo mkononi. Aliliangalia kufuli. Aliifikiria baiskeli na zile kreti, mahali pa kuzisogeza. Kisha akamfikiria mama pastor, na akina mama wa maombi ya Alhamisi, na vile wangelitamka neno mjane wakiwa wamefumba macho. Mwanamume kwenye stoo ya mjane, tena mtu wa baraza. Akajiambia imebaki Ijumaa moja tu. Akarudisha ufunguo kwenye mkoba akaenda kupika ugali.

Jumatano ikanyesha mvua ya mawe, ile ya kwetu, inayochana majani ya chai kama mtu anayepasua barua. Iligeuza simiti yote kuwa nyeupe. Alhamisi jioni Calvince alimkuta Kepher ameacha kutetemeka, na Calvince, pamoja na ulevi wake, alijua kuwa mtu wa baridi akiacha kutetemeka si dalili njema. Yeye na wenzake watatu walimbeba wakamwingiza kwenye hema, wakamlaza kando ya karai, wakamsugua miguu mpaka akaanza kuwatukana. Walimwokoa. Asubuhi alipuliza kumi na tano.

Gibson aliiandika ile nambari. "Tunaanza tena kuhesabu," akasema, na hata yeye hakutazama mtu usoni. Zilikuwa zimebaki Ijumaa mbili. Kijani zilizotakiwa ni tatu.

Hapo ndipo Loice alipopata wazo lake kubwa, na laiti angekosa. Jumapili ile kulikuwa na ibada ya shukrani ya mradi. Wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja. Akina mama wa kanisa walikuwa jikoni tangu alfajiri, kwenye lile banda la mabati nyuma ya kanisa, sufuria tatu za mbuzi juu ya kuni mbichi. Mpishi mkuu alikuwa Rodah, mama pastor mwenyewe, ambaye hajawahi kukaa kando mtu mwingine akipika. Alitoka jikoni dakika tano kabla ya nyimbo, akanawa uso, akafunga kitambaa, akaketi mstari wa mbele.

Baada ya mahubiri Gibson aliinua kimashine akaeleza kazi yake. Loice akasimama.

"Tunaomba mfano," akasema. "Mtu ambaye sisi sote tunajua hajawahi kugusa sigara. Mama pastor akubali."

Makofi. Rodah alisimama kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anatazamwa. Alivuta pumzi, akashikilia, akaiachilia. Kimashine kililia. Kumi na saba, nyekundu kama kitambaa cha madhabahu.

Loice alikuwa ametayarisha sentensi yake siku mbili nzima. "Mnaona?" akasema. "Ni moto! Ametoka jikoni sasa hivi! Kama mama pastor anasomeka mvutaji, basi na Kepher..."

Hakuna aliyesikia. Nimewahi kuona mengi Litein, lakini sijawahi kuona watu mia mbili wakifurahi kimya namna ile. Walikuwa na maelezo mawili mbele yao, moja la kuni na moja la dhambi, wakachagua lenye ladha. Mstari wa nne mama mmoja akanong'ona, "Na zile peremende za minti kila siku." Mwingine akasema, "Si ndiyo maana anajifungia chooni." Kufikia mstari wa nyuma Rodah alikuwa anavuta pakiti mbili kwa siku na mume wake anajua.

Mume wake, Pastor Hezekiah, alipanda mimbarani. "Shetani," akasema, "anavyo vifaa vya kila aina." Akakiamuru kidude kitoke nje ya nyumba ya Bwana, na mradi pamoja nacho. Mgeni wa Nairobi alitazama simu yake. Jumatatu Pumua Upya ikafunga shughuli zake za Litein wiki mbili kabla ya wakati, kwa sababu ya changamoto za kijamii. Mbuzi aliliwa, hata hivyo.

Siku chache baadaye Rodah alimkuta Loice kwenye foleni ya kisima. Loice aliinamisha kichwa, akangoja matusi.

"Miaka thelathini napika kwa kuni," Rodah akasema polepole. "Nilipoona ile nambari, nilifikiria mapafu yangu. Wao wakafikiria sigara." Akajaza mtungi wake. "Ungeniambia kwanza, Loice. Ningepuliza tu."

Kepher alirudi kwenye karai. Hakurudi kwenye sigara. Hili ndilo linalonichanganya mpaka leo. Chumba kimekwenda, mashine imekwenda, hakuna wa kumpima, na bado saa kumi na mbili alikuwa dirishani, ameshika uzi mtupu, anakunywa strungi. Calvince alimwashia moja akamwekea mdomoni, kwa huruma kabisa. Kepher aliitoa akamrudishia.

"Nimeshazoea kuteseka bila," akasema.

Mwanzo wa Septemba hakuja. Loice hakungoja strungi ipoe. Alichukua boda boda mpaka kwenye kituo. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti na harufu ilikuwa imewahamisha wenzake wawili. Walimpakia katikati, Loice nyuma akimshikilia, mpaka Kericho. Daktari alikuwa yule yule wa mchoro. Safari hii hakuchora. Walikata chini ya goti.

Siku ya nne wodini alikuja mgeni. Ni Gibson, viatu safi, mfuko begani. Alikuwa ameleta ndizi na kimashine.

"Mzee, pole sana. Ukiweza, naomba upulize mara ya mwisho. Ni ya ripoti."

Kepher alivuta pumzi akiwa amelala. Katika wodi hakuna karai. Kikaandika mbili.

"Mbili!" Gibson akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maskini. "Katika mradi mzima hakuna aliyepata mbili. Wewe ndiye matokeo yetu bora."

"Kijani?"

"Kijani kabisa."

"Na chumba?"

Gibson alianza kukunja lile bomba la karatasi, akalikunja tena, mpaka likawa dogo sana. "Bajeti ilifungwa, mzee. Lakini nimeandika jambo la moto. Liko ukurasa wa sitini na tatu."

Kepher alicheka. Alicheka kama siku ile ya tisa, mabega yakipanda na kushuka, mpaka nesi akaja kuangalia. Kisha akala ndizi.

Alipotolewa hospitali Loice alikuwa amekwisha kuitoa baiskeli ya Bethwel. Kreti alizipanga nje chini ya ukingo wa mabati. Alifagia, akabandika magazeti kwenye mianya ya mbao, akaingiza kitanda cha Fancy cha zamani na blanketi mbili. Kazi yote ilimchukua asubuhi moja. Akina mama wa Alhamisi walipita, wakaona, wakasema walichosema. Aliwasikia, na kumbe sauti yao ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Calvince ndiye aliyembeba mzee mgongoni kutoka stendi, akilalamika kuwa mtu aliyekatwa mguu hapungui uzito.

Walimketisha kitandani. Calvince akatoka kutafuta wa kumnunulia kinywaji kwa kazi hiyo. Kepher aliegemeza magongo ukutani, akazungusha macho taratibu. Akaugusa ubao. Ulikuwa mkavu. Kupitia mwanya mmoja aliliona dirisha, ule uzi, na jiwe alilozoea kusimama juu yake, hatua nne kutoka kitandani.

"Mama Fancy," akasema. "Hiki chumba kilikuwa hapa siku zote?"

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kilikuwa na kreti," Loice akasema.

"Kreti." Akafikiri. "Ngapi?"

"Nne."

Kepher aliitikia kwa kichwa. Akalivuta blanketi, akaufunika mguu, akafunika na pale ambapo mguu mwingine ulipaswa kuwa. Loice alisimama mlangoni akiwa na ufunguo mkononi, hajui auweke wapi. Mwishowe akauacha juu ya kitanda.

Kesho yake saa kumi na mbili kamili, mtu aligonga ubao wa stoo kutoka ndani. Strungi ilikuwa tayari.